Hesabu ya Kupaa Embakasi

Ukikaa Utawala unaujua ule mngurumo. Uko kwa simu, unanyamaza kidogo, ndege inapita, mnaendelea. Nyuma ya mngurumo huo kuna hesabu, na zamani ilipigwa na mtu.

Uwanja wa Embakasi ulifunguliwa 1958. Kabla ya hapo ndege za abiria zilitua Eastleigh, pale kambi ya jeshi la anga ilipo leo. Embakasi ilijengwa kwa jasho la mahabusu wa Hali ya Hatari, na hawakuulizwa kama wanataka (hiyo ni insha yake peke yake). Njia ya kurukia inapita kilomita 4. Mbona ndefu hivyo? Tuko mita 1,600 na kitu juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, injini inakosa pumzi, na bawa nalo linataka mbio zaidi ndio libebe.

Enzi za Super VC10 za East African Airways, mhandisi wa ndege aliketi nyuma ya marubani. Joto la nje, uzito, jedwali, kisha vishikio vya nguvu vinasukumwa mpaka mshale ufike panapotakiwa.

Kiti kama hicho kilikuwa pia kwenye Boeing 747 ya Lufthansa, tarehe 20 Novemba 1974. Injini zilikuwa sawa kabisa. Ndege ilinyanyuka, ikatetemeka, ikaanguka. Vibawa vya mbele havikuwa vimefunguka, kwa sababu hewa ya kuvisukuma, ile inayotoka kwa injini, ilikuwa imefungwa. Watu 59 kati ya 157 walikufa.

Leo ndege ya Mombasa ama Kisumu mara nyingi ni Embraer 190 ya Kenya Airways, na kiti cha tatu hakuna. Kila injini ina kompyuta yake, FADEC, yenye akili mbili: moja ikizima, nyingine inashika. Rubani anaingiza joto la nje na kusukuma kishikio. Kiasi cha mafuta kinaamuliwa na kompyuta. Ndege ikiwa nyepesi, anaidanganya kwamba joto liko juu kuliko lilivyo, ili injini ijibane na isichakae mapema. Na injini moja ikifa mbioni, ya pili inaongezewa nguvu ya akiba kabla mkono wa mtu haujasogea.

Vibawa si kazi ya FADEC. Hivyo vina onyo lao, linalopiga kelele rubani akitaka kuruka kabla havijawa tayari. Uzito wa abiria na mizigo, huo bado unaandikwa na mtu, na FADEC haiuoni.