Angella Okutoyi na viwanja vilivyo nyuma ya ukuta

Viwanja vya tenisi Diani, pwani ya Kenya, vipo, ila vingi viko ndani ya kuta za hoteli. Mtoto wa Ukunda, mji wa jirani, huujua mchezo huo kwa sauti ya raketi upande wa pili wa ua, au mpira wa manjano unaporuka ukuta na kuangukia kichakani. Akiuokota huurusha ndani, kisha huenda zake ufuoni kupiga kandanda maji yakipwa. Hoteli sizilaumu, viwanja ni vya wageni waliolipa.

Tangu mwanzo tenisi ya Kenya imekuwa ya ndani ya ua. Waingereza waliileta wakaiweka klabuni mwao. Mombasa Sports Club ilianzishwa 1896, mwaka ambao reli ya Uganda ilianza kujengwa, na enzi za ukoloni Mwafrika aliingia klabu za aina hiyo kwa kazi, si kwa mchezo.

Mchezaji tenisi Angella Okutoyi naye aliingia kwa mlango wa kazi, kazi ya nyanya yake. Alizaliwa 2004 pamoja na pacha wake. Mama yao akafariki akijifungua. Nyanya yao, aliyewalea, alikuwa mfanya usafi katika shule ya Loreto Convent Msongari, Nairobi, na waliishi mlemle shuleni. Uwanja ulikuwa hatua chache kutoka nyumbani, na mjomba wao akawashikisha raketi wangali wadogo. Kipaji alikuwa nacho, lakini bila uwanja ule nani angekigundua?

Mwaka 2021 alitwaa ubingwa wa vijana wa Afrika mjini Sousse, Tunisia. Januari 2022, huko Melbourne, akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi ya vijana katika mojawapo ya mashindano makubwa manne ya dunia. Akashinda na ya pili, akatolewa raundi ya tatu.

Kisha ikaja Wimbledon, Julai mwaka huohuo. Katika fainali ya wasichana wawili wawili, yeye na Mholanzi Rose Marie Nijkamp walikutana na Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko. Seti ya kwanza wakalala 3-6, ya pili wakarudisha 6-4. Iliyobaki ilikuwa mbio ya pointi kumi, na lazima mshindi aache pengo la mbili. Walimaliza 11-9. Hakuna Mkenya aliyekuwa amewahi kubeba taji katika mashindano hayo manne.

Machi 2024 akaongeza dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra. Alijiunga pia na Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, njia inayompa mchezaji masomo, kocha na uwanja kwa pamoja. Tiketi za ndege za kuzunguka mashindanoni zimewamaliza wengi. Mboko, mpinzani wake wa Wimbledon na mtoto wa wazazi waliohama Kongo, alishika njia nyingine, ya tenisi ya kulipwa, na Agosti 2025 akamfunga Naomi Osaka fainali ya Montreal.