Theluji iliyokuta mbegu zikiandaliwa: malori na mashamba ya kusini mwa China, 2008

Mjomba aliniuliza juzi kwenye simu kama huku Guangzhou kuna theluji. Nikamwambia hapana, hapa ni joto na unyevu kama Tanga, migomba inaota nyuma ya nyumba za watu. Akanijia juu: sasa ile theluji ya 2008 iliyosimamisha malori njia nzima ilikuwa wapi? Swali zuri sana, na jibu lake haliishi kwa dakika za simu, kwa hiyo naliandika hapa mlisome wote, hasa ninyi mnaolima na ninyi mnaoendesha malori.

Kwanza muelewe kalenda ya wenyeji. Mkulima wa huku haanzi machipuko mwezi wa tatu kama Wazungu. Kwake machipuko yanaanza tarehe 4 Februari hivi, siku inayoitwa Lichun. Kuanzia hapo watu wa Guangdong wanafikiria mbegu: mpunga wa awamu ya kwanza unasiwa kwenye vitalu mwezi wa tatu, na mboga za majani zilizopandwa tangu baridi zinavunwa kwa wingi na kupelekwa kaskazini ambako ardhi bado imeganda. Sasa mwaka ule, kuanzia tarehe 10 Januari 2008, theluji na baridi vilianza kushuka kwa mawimbi, wimbi la kwanza, la pili, la tatu, na la mwisho likafika mwanzoni mwa Februari. Lichun ikafika barabara bado zimeganda. Mwaka mpya wao, ambao ndio sikukuu kubwa kuliko zote, ulikuwa tarehe 7 Februari. Yaani mambo yote yaliangukia wiki moja.

Theluji peke yake huwezi kuilaumu sana. Theluji unaifagia. Kilichowaua watu wa kusini ni mvua inayoganda. Juu angani kulikuwa na hewa yenye unyevu na ujoto ikitoka Ghuba ya Bengal, chini kabisa kulikuwa na hewa ya baridi kutoka Siberia iliyokwama kwenye milima ya Nanling, mpakani mwa Guangdong na Hunan. Theluji inayeyuka ikipita kwenye ujoto, inashuka kama mvua ya kawaida, halafu ikigusa kitu chochote, lami, waya, jani la kabichi, inageuka barafu papo hapo. Tone juu ya tone, siku juu ya siku. Nyaya za umeme za huku ziliundwa kubeba barafu ya unene wa milimita 10 hadi 15. Iliyoning'inia ilizidi hapo mara kadhaa, minara ya chuma ikajikunja kama mabua.

Sasa tuje kwenye malori. Barabara kuu kutoka Beijing mpaka Zhuhai inapanda milima hiyo upande wa Shaoguan, kaskazini mwa Guangdong, ikipita wilaya ya Ruyuan na mji mdogo wa Yunyan. Wanaojua Kitonga wachukulie Kitonga, lakini ndefu zaidi na yenye magari mengi mno. Mwishoni mwa Januari sehemu ile ikawa kioo kitupu. Lori la kwanza likateleza, la pili likalifuata, na nyuma yao yakajipanga maelfu kwa maelfu. Dereva wa kusini hana minyororo ya matairi, angeinunua ya nini? Hata halmashauri za huko hazikuwa na magari ya kumwaga chumvi, kwa sababu hakuna mwenye akili anayenunua gari la chumvi kwa nchi ya migomba. Ikabidi wanajeshi na wanavijiji watoke na majembe na masururu wapasue barafu kwa mikono.

Kuna jambo moja madereva mtalielewa mara moja. Dizeli ya huku inauzwa kwa namba kufuatana na baridi. Kusini wanajaza namba 0, ambayo ni kwa hali ya hewa isiyoshuka chini ya nyuzi 4 hivi. Mtu anajaza tangi Guangzhou, anapanda milimani, baridi inashuka chini ya sifuri, mafuta yanakuwa mazito kama samli na filta inaziba. Mwenzake aliyeogopa hilo anaacha injini ikiunguruma usiku na mchana, na siku ya tatu dizeli inamwishia. Wote wawili wamekwama, na kila mmoja alifanya alichoona ni busara!

Walilala kwenye vichwa vya malori siku kadhaa. Magazeti ya wakati ule yaliandika habari za wanavijiji waliowabebea uji na maji ya moto, na pia za wengine waliouza tambi za paketi na mayai kwa bei ya kukata shingo. Mimi naziamini zote mbili, hata kwetu basi likikwama usiku utakutana na watu wa aina zote. Na hapa uuguzi unaniwasha: mtu akiwa na baridi kali kitu cha kwanza anachofikiria ni kuingiza jiko la mkaa ndani na kufunga vioo. Msifanye hivyo kamwe, iwe Makete au China. Hewa ya mkaa haina harufu, unasinzia huku ukijisikia vizuri, na huamki.

Habari za treni mlizisikia zaidi kwa sababu ndiko kulikokuwa na kamera. Umeme ulipokatika Hunan, treni za umeme za njia ya Beijing–Guangzhou zikasimama, ikabidi vitafutwe vichwa vya dizeli kutoka mbali. Mamia ya maelfu ya wafanyakazi wa viwandani wakarundikana nje ya stesheni ya Guangzhou, pale karibu na Sanyuanli ambapo wafanyabiashara wetu wengi wamepita. Wengine walihifadhiwa kwenye kumbi za maonyesho ya biashara, ikiwemo Pazhou. Waziri mkuu Wen Jiabao alifika stesheni tarehe 30 Januari. Serikali ikawaomba watu wabaki wale sikukuu huku huku. Mji wa Chenzhou, upande wa pili wa mlima, ulikaa karibu wiki mbili bila umeme wala maji. Muuguzi mwenzangu mmoja kwao ni Chenzhou, alikuwa bado mtoto wakati ule. Mpaka leo mama yake anaweka akiba ya mishumaa kila Desemba.

Lakini aliyelipa gharama, kwa maoni yangu, ni mtu ambaye hakupigwa picha nyingi: mkulima mdogo. Barabara ile ile ndiyo inayoshusha nguruwe hai kutoka Hunan kuja kuliwa Guangzhou, na ndiyo inayopandisha mboga za Guangdong na Hainan kwenda kaskazini. Ikifungwa, kinachofuata ni kichekesho kichungu. Kule inakolimwa bei inaporomoka, kwa sababu hakuna lori la kuja kuchukua na mboga haingoji. Kule inakoliwa bei inaruka. Takwimu za serikali za Februari 2008 zilionyesha bei ya mboga mbichi imepanda asilimia 46 kulinganisha na Februari ya mwaka uliotangulia, na nguruwe asilimia 63.4 (ingawa nguruwe alikwisha kuwa ghali tangu 2007 kwa sababu ya ugonjwa wa mifugo). Ukisoma namba hizo bila kujua unaweza kudhani wakulima walitajirika. Mwenye kabichi iliyoganda shambani hakuona hata senti ya hizo asilimia.

Serikali ilifuta ushuru wa barabara kwa malori yanayobeba mazao mabichi, jambo zuri, ila lori lililosimama halilipi ushuru hata hivyo, teh teh teh. Nchi nzima zaidi ya hekta milioni 11 za mazao ziliguswa. Hasara ya moja kwa moja ilihesabiwa kuwa yuan bilioni 151.6, na waliokufa 129, wakiwemo mafundi umeme waliokuwa wakipasua barafu juu ya minara.

Bima? Bima ya mazao yenye ruzuku ya serikali kuu ilikuwa imeanza kwa majaribio mwaka 2007 tu, katika majimbo 6. Hunan ilikuwemo. Guangdong haikuwemo, mstari wa mpaka ukapita juu ya mlima huo huo uliopigwa na baridi ile ile. Na sehemu kubwa ya waliopoteza walikuwa na mboga, miti ya matunda na mabwawa ya samaki, vitu ambavyo majaribio yale hayakuvigusa sana.

Nimetaja mabwawa, na hapa pana habari ya kwetu kabisa. Guangdong ndilo jimbo linalofuga perege na sato kuliko yote China. Ndiyo, samaki wetu! Wanamwita luofeiyu, ambapo "luo" imetoka kwenye jina la mto Nile na "fei" kwenye jina la Afrika. Walioletwa kutoka Afrika miaka ya 1970 ndio wengi leo. Sasa Mwafrika huyo havumilii baridi: maji yakikaa chini ya nyuzi 10 hivi kwa siku kadhaa anaanza kuelea. Baridi ya 2008 haikuondoka barafu ilipoyeyuka, iliendelea mpaka katikati ya Februari, na mabwawa yakageuka meupe kwa matumbo ya samaki waliokufa. Aliyekopa kununua vifaranga na chakula cha samaki akabaki na deni na harufu.

Barabara zilipofunguka siku chache kabla ya mwaka mpya, kazi ya shamba ndiyo kwanza ilianza. Maofisa kilimo wakawashauri watu wang'oe kilichooza na kupanda haraka mboga za majani zinazokomaa ndani ya mwezi hivi, ili angalau wapate fedha za mbegu ya mpunga. Mpunga nao una hofu yake, wanaiita daochunhan, baridi inayorudi machipuko yakiwa yameshaanza. Wastani wa joto ukikaa chini ya nyuzi 12 kwa siku tatu au zaidi, miche inaoza kitaluni. Ndiyo maana huku mzee akihisi upepo wa kaskazini mwezi wa tatu anakimbilia nailoni ya kufunika kitalu kabla hata hajafunga kifungo cha koti lake.

Baada ya hapo mengi yalijengwa. Treni ya kasi kati ya Wuhan na Guangzhou ilianza Desemba 2009. Mwaka 2014 ikafunguliwa barabara nyingine, ya Lechang kuja Guangzhou, yenye urefu wa takriban kilometa 300, inayopita chini zaidi kuliko ile ya Yunyan. Barafu ikitanda juu, malori yanaelekezwa huko. Mjini kwenyewe chembe za theluji zilionekana tarehe 24 Januari 2016, watu wazima wakatoka nje kupiga picha kama watoto.

Na mwanzoni mwa Februari 2024, wiki ile ile ya Lichun, mvua inayoganda ikarudi Hubei na Hunan. Madereva wakalala tena barabarani siku kadhaa kabla ya sikukuu, safari hii pamoja na wenye magari ya betri waliokuwa wakihesabu asilimia za chaji zilizobaki.

Msalimieni bibi. Mwambieni sato wa huku wanapikwa na tangawizi, si nazi.