Kikohozi kikipita wiki mbili: pima makohozi mbele ya kusema ni karuho

Huku Kivu, mtu akianza kukohoa, kukonda na kutoka jasho usiku, mara nyingi jamaa wanasema amewekewa karuho. Anazungushwa kwa waganga wa miti, miezi inapita. Kama ni kifua kikuu, wakati huo mapafu yanaharibika, na watoto wanaolala naye chumba kimoja wanavuta mikrobe.

Unavyoambukizwa

Mikrobe ya kifua kikuu, iliyogunduliwa na Robert Koch mwaka 1882, inapita katika hewa mgonjwa anapokohoa au kuongea. Haipiti kwa sahani, kikombe wala kupeana mkono. Wachimbaji wa migodi wako hatarini zaidi, juu vumbi la mawe linaumiza mapafu. Ugonjwa huo wa vumbi, silikozi, hauponi, na unafungulia kifua kikuu mlango.

Kupima

Anayekohoa wiki mbili au zaidi aende kituo cha afya, atoe makohozi, si mate. Mashine ya GeneXpert inatoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, na inaonyesha kama mikrobe imezoea rifampisini, dawa kubwa ya ugonjwa huu. Pasipo mashine, wanatumia mikroskopi. Mtoto mdogo hajui kutema makohozi. Choo chake kinaweza kupimwa. Mgonjwa apimwe pia Ukimwi, juu magonjwa haya mawili yanasaidiana.

Matibabu

Kwa kawaida ni miezi 6: dawa nne kwa miezi 2, kisha dawa mbili kwa miezi 4. Dawa hizo ni za bure. Mkojo ukigeuka rangi ya chungwa, mgonjwa asiogope, ni rifampisini. Lakini macho yakiwa manjano, arudi kwa munganga siku ile ile.

Hatari kubwa inakuja nguvu zikirudi. Kikohozi kimeisha, mgonjwa anaacha vidonge. Mikrobe zilizobaki zinaweza kuzoea dawa, na hapo ni kifua kikuu sugu, kinachotaka dawa zingine, ngumu zaidi. OMS inaihesabu Kongo kati ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo sugu.

Vita ikifukuza watu

Mgonjwa akikimbia, abebe vidonge vilivyobaki na kadi ya matibabu. Akifika kambini au kwa jamaa, aende kituo cha karibu, aseme yuko mwezi wa ngapi. Hata kama kadi imepotea, aende vile vile. Asigawe dawa zake na mwingine, wala asinunue vidonge sokoni ili kujaziliza.

Wote wanaoishi naye wapimwe. Watoto wa chini ya miaka 5, wakionekana hawana ugonjwa, wanapewa dawa ya kuwakinga.