Dada wa Mtaa wa Spiegelgasse

Mswahili akisikia mtu anaita "Dada!" barabarani, shingo inageuka yenyewe kutazama ni dada yupi anayeitwa. Basi shingo itageuka sana akifika Zurich, Uswisi, kwenye kona ya Spiegelgasse na Münstergasse. Neno hilo limekaa pale ukutani, kwenye kibao cha nyumba namba 1, na anayeitwa si dada wa mtu. Kibao kinasema kwamba humo ndani, tarehe 5 Februari 1916, ilifunguliwa klabu ndogo ya usiku iliyoitwa Cabaret Voltaire, na ndipo ukaanza mtindo wa sanaa unaoitwa Dada.

Walioliokota neno hilo walijisifu kwamba kila lugha inalo kwa maana yake. Kwa Kifaransa ni farasi wa mbao wa mtoto kuchezea, kwa Kiromania ni "ndiyo, ndiyo". Mmoja wao, Tristan Tzara, aliandika mwaka 1918 kwamba Wakru wa Afrika Magharibi huliita hivyo mkia wa ng'ombe mtakatifu. Walizunguka kote huko, hadi kwenye mkia wa ng'ombe, na hakuna aliyefika Mombasa au Unguja kuuliza. Angeuliza, angeambiwa mara moja, na pengine angemkumbuka mwanamke aliyeibeba klabu hiyo mabegani. Huyo nitamrudia.

Kufika pale si kazi. Ukitoka stesheni kuu unavuka mto Limmat, unaingia mji wa kale unaoitwa Niederdorf, mitaa myembamba ya mawe inayopanda mlima. Spiegelgasse ni fupi, na kwa ufupi wake ina wageni wazito. Namba 12 alifia Georg Büchner, mwandishi wa tamthilia, mwaka 1837. Namba 14 alipanga Lenin na mkewe kuanzia Februari 1916 hadi Aprili 1917, kisha akarudi Urusi na mengine mnayajua. Yaani mwanamapinduzi mkubwa wa karne alikuwa akijaribu kulala hatua chache kutoka kwa vijana wanaopiga ngoma mpaka usiku wa manane. Wengi wamebuni visa kuhusu jirani hao wawili kukutana kwa kinywaji. Mimi naviacha kama visa.

Mwanzo wa klabu ulikuwa njaa. Hugo Ball alikuwa Mjerumani wa miaka 29, mtu wa tamthilia. Vita vilipoanza mwaka 1914 alijitolea kuwa askari, madaktari wakamkataa. Akaenda mwenyewe Ubelgiji kuona vita vinavyofanana, na alichokiona kikamwondolea hamu yote. Mwaka uliofuata akavuka kwenda Uswisi, nchi ambayo haikuingia vitani, pamoja na Emmy Hennings, mwimbaji na mshairi aliyemzidi mwaka mmoja. Walifika bila chochote. Ball alikaa ndani siku kadhaa kwa sababu ya karatasi za bandia. Baadaye wakaungana na kikundi cha maonyesho ya baa, Ball kwenye piano, Hennings akiimba, wakihesabu senti kila usiku.

Hapo ndipo anaingia mzee Jan Ephraim, baharia wa zamani mwenye mkahawa uitwao Holländische Meierei katika nyumba hiyo ya Spiegelgasse. Nyuma kulikuwa na chumba cha meza kama 15 au 20 na jukwaa dogo. Ball akampelekea hoja ambayo kila mwenye sanaa wa Nairobi aliyewahi kuomba ukumbi wa baa siku ya Jumanne anaifahamu: nipe chumba, mimi nitakuletea watu, nao watakunywa. Ephraim akapiga hesabu ya bia, soseji na sandwichi, akakubali. Nasisitiza jambo hili kwa sababu vitabu vingi vya historia ya sanaa vinaruka hapa haraka vikimbilia manifesto. Hakukuwa na mfadhili wala ruzuku. Kilichouzwa ni bia, na sanaa ilikuwa kwa hisani ya bia.

Ball akaweka tangazo gazetini kuwaalika wasanii vijana wa kila aina waje na walicho nacho. Jumamosi ya ufunguzi, jioni wakiwa bado wanagonga misumari, walitokea vijana wa Kiromania wakiwa na picha chini ya kwapa. Miongoni mwao walikuwemo Marcel Janco, mchoraji wa miaka 20, na Tzara, ambaye alikuwa hajatimiza 20. Hans Arp alitundika kazi zake ukutani. Usiku huohuo chumba kilijaa, wengine wakakosa pa kukaa.

Waliofika walikuwa wanafunzi, wakimbizi, watoro wa jeshi, watu wa lugha kumi. Kulikuwa na usiku wa Warusi na usiku wa Wafaransa. Mwisho wa Machi watu watatu walisimama jukwaani wakasoma shairi moja kwa Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza, wote kwa wakati mmoja, wakizomeana kwa filimbi na vishindo. Lilikuwa linahusu admirali anayetafuta nyumba ya kupanga. Hakuna aliyesikia neno, na hiyo ndiyo ilikuwa shabaha. Ulaya ilikuwa inaongea yote kwa pamoja hivyohivyo.

Sasa tufike kwenye lile ambalo msomaji Mwafrika hawezi kulipita akiwa amefumba macho. Tarehe 11 Februari aliwasili kutoka Berlin Richard Huelsenbeck, mwanafunzi wa udaktari mwenye miaka 23. Ball aliandika katika shajara yake siku hiyo kwamba kijana huyu alitaka mdundo uongezwe nguvu, mdundo wa "Kinegro", na kama angeachiwa angepiga ngoma mpaka fasihi yote izame ardhini. Ngoma akapata. Akawa anapanda jukwaani na mashairi aliyoyaita ya Wanegro, aliyoyatunga mwenyewe kichwani, kila ubeti ukiishia na "umba, umba".

Aliyemshika ni mwenye baa. Huelsenbeck mwenyewe alisimulia baadaye kwamba Ephraim, ambaye ubaharia ulikuwa umemfikisha Afrika na visiwa vya Bahari ya Kusini, alimwambia kistaarabu kwamba hayo hayakuwa ya kweli, kisha akamletea maneno ambayo alisema ndiyo halisi. Huelsenbeck akayasoma jukwaani. Lakini "umba" hakuiacha, aliibandika mwishoni vilevile. Hapo ndipo ninapocheka na kukasirika kwa pamoja. Kijana ameambiwa ukweli, ameupokea, amesema asante, na bado anaona ukweli umepungukiwa chumvi yake.

Tzara alikuwa na njia nyingine. Yeye alienda maktaba, akachimba majarida ya wataalamu wa makabila, hasa lile la Anthropos, akanakili nyimbo zilizorekodiwa na wamisionari na kuzitia Kifaransa. Angalau nyimbo hizo zilikuwa na wenyewe. Ila katika kapu lake la "mashairi ya Kinegro" ziliingia pia nyimbo za wenyeji wa Australia, na ile iitwayo "Toto-Vaca", iliyochapishwa mwaka 1920, ni ya Wamaori wa New Zealand. Kwao, kila aliyekuwa mbali na mweusi kiasi alikuwa Mnegro.

Janco naye alitengeneza vinyago vya kuvaa usoni, kwa kadibodi na rangi, akichota wazi kutoka vinyago vya Afrika na vya kwingineko. Ball aliandika kwamba walipovivaa, vinyago vyenyewe viliwaamuru wacheze vipi. Maelezo hayo nayapenda. Fundi wa ngoma wa kwetu angeyaelewa bila mkalimani.

Rudi kwenye ile tarehe. Huelsenbeck alifika Zurich tarehe 11 Februari 1916. Kesho yake, tarehe 12, jeshi la Waingereza lilivamia kilima cha Salaita, karibu na Taveta, likiwa na brigedi ya makaburu waliotoka kushuka melini. Askari wa Kiafrika wa jeshi la Wajerumani wakawarudisha mbio. Hii ni vita ileile aliyoikimbia Ball. Na nyuma ya kila bunduki katika nyika ile kulikuwa na watu wa mizigo, wanaume waliokusanywa vijijini kubeba risasi, unga na maji. Jeshi lao, Carrier Corps, ndilo lililotuachia jina la Kariokor hapa Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Kabla vita kuisha walikufa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi.

Sitaki kumwambia mtu kwamba vijana wa Spiegelgasse walipaswa kujua habari za Salaita. Magazeti ya Zurich yalikuwa na Ufaransa ya kuandika. Siku tisa baadaye Verdun ilianza, na Verdun ilimeza kila kitu. Ninachosema ni kwamba walikuwa wanasema kweli kuhusu vita, kweli kuliko wengi wa rika lao, na katikati ya ukweli huo waliweka Mwafrika wa kubuni, asiye na kijiji, asiye na mzigo kichwani, anayesema "umba" tu. Waafrika wa kweli wakati huo walikuwa ndani ya vita hivyohivyo, na walikuwa na nyimbo. Hata za kuomboleza walikuwa nazo.

Hata hivyo siwezi kuwafutia usiku wa tarehe 23 Juni. Ball alitokea akiwa amevalishwa mapipa ya kadibodi: miguu ndani ya mrija wa buluu, kola kubwa iliyokuwa nyekundu ndani na dhahabu nje, aliyoweza kuipigapiga kama mabawa kwa kusogeza viwiko, na kofia ndefu ya milia ya buluu na nyeupe. Hakuweza kutembea, ikabidi abebwe mpaka jukwaani gizani. Akasoma mashairi yasiyo na neno hata moja la lugha yoyote, sauti tupu, mojawapo likiwa la msafara wa tembo. Alieleza kwamba lugha imeharibiwa na waandishi wa habari za vita, kwa hiyo aliamua kuiacha kabisa. Katikati ya kusoma, watu walipoanza kutatizika, sauti yake ikaingia yenyewe katika mahadhi ya padre kanisani, yale aliyoyasikia utotoni katika familia yake ya Kikatoliki. Akamaliza amelowa jasho, akabebwa kushushwa. Miaka michache baadaye aliirudia dini yake, na hakutaka tena habari za Dada.

Wakati huo klabu ilikuwa inakata roho. Wasanii walikuwa wamechoka, majirani wamelalamika kelele, na mauzo ya Ephraim hayakutosha. Mwanzoni mwa Julai milango ikafungwa. Ilidumu miezi mitano. Mtu wa Nairobi hatashangaa: Novemba 2022 kaunti yetu ilitangaza kwamba klabu za usiku zilizo katika makazi ya watu hazitapewa leseni, na ukiwauliza wenye kumbi ndogo za sanaa watakwambia kwamba kati ya jirani anayetaka kulala na mwenye nyumba anayetaka kodi, sanaa huwa ndiyo ya kwanza kuhama.

Nilisema nitamrudia dada. Gazeti moja la Zurich la mwaka 1916 lilimtaja Emmy Hennings kuwa ndiye nyota ya klabu hiyo, na lilikuwa sahihi. Wenzake wote walikuwa wageni wa jukwaa, yeye ndiye aliyekuwa amekula kwa kuimba kwa miaka. Kila usiku aliimba, alisoma mashairi yake na kuchezesha vibonzo alivyoshona. Alikuwa amefungwa jela Ujerumani, na mwaka 1919 akachapisha riwaya kuhusu kifungo. Baada ya vita alifunga ndoa na Ball, akamzika mwaka 1927, akatumia miaka mingi kuandika kumbukumbu zake. Alipofariki mwaka 1948 alikuwa maskini. Historia iliyofuata iliandikwa na wanaume waliokuwa wanagombana nani alilipata neno "Dada" kwanza, na Hennings akawekwa pembeni kama mke wa Ball. Miaka ya karibuni ndipo vitabu vyake vimeanza kurudi madukani.

Nyumba nayo ilisahauliwa. Mwaka 2002, ikiwa imeachwa mahame, kundi la wasanii liliingia bila ruhusa likakaa kwa miezi, likifanya maonyesho kila siku kupinga isigeuzwe nyumba za kifahari. Polisi wakawatoa, lakini kelele zilikuwa zimefika. Mwaka 2004 ikafunguliwa tena kama ukumbi wa sanaa, jiji likisaidia kodi na kampuni ya saa ikitoa fedha. Chama cha mrengo wa kulia kikataka jiji liache kulipa, suala likapelekwa kwa wapigakura mwaka 2008, nao wakaamua ukumbi ubaki. Ulipotimiza miaka mia, 2016, makumbusho ya Rietberg mjini humohumo yalifanya maonyesho yaliyoitwa Dada Afrika, yakiweka kazi za akina Janco kando ya sanaa za Afrika zilizowatia moto.

Leo ukiingia unakuta maonyesho, duka la vitabu, na ukipanda ghorofani, baa. Kuna usiku wa mashairi, wa muziki, na wa mambo usiyojua uyaite nini. Agiza kinywaji, na kama ni zamu yako jukwaani, hakuna atakayekuuliza lugha. Ukiamua kusoma kwa Kiswahili, jitambulishe tu kwanza, useme neno lililo pale nje ukutani kwenu lina maana gani.