Ngonjera na Saa za Jioni Shuleni

Tunapoandika historia ya ushairi wa Kiswahili, tumezoea kutafuta chimbuko la tungo katika mabaraza ya malenga, katika kurasa za magazeti na katika miswada ya Mwambao. Shule twaitaja kwa nadra, na tukiitaja, ni kama mahali pa kuchambua mashairi ili kujibu mtihani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba shule za Tanzania ziliwahi pia kuwa mahali pa kuyaghani na kuyatunga, na kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika baada ya kengele ya kipindi cha mwisho.

Anayetajwa kuwa mwasisi wa ngonjera ni Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917, mshairi ambaye pia alipata kuwa hakimu. Majibizano ya kishairi hayakuanza naye. Washairi wa Mombasa walikuwa wakijibizana tangu enzi za Muyaka. Jipya aliloleta ni kuyapandisha majibizano hayo jukwaani. Wahusika wawili au makundi mawili hukabiliana, upande mmoja ukidai na mwingine ukipinga, ubeti kwa ubeti, hadi waafikiane. Si ajabu kwamba aliyezoea kusikiliza mdai na mdaiwa alivutiwa na utungo wa namna hiyo.

Wakati nao ulimsaidia. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na mwezi uliofuata Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1968 aliwaomba washairi wasaidie kulieneza Azimio kwa tungo zao. Mnyampala alifariki mwaka 1969. Kitabu cha kwanza cha Ngonjera za UKUTA kilitoka mwaka uliofuata, na ngonjera zikaenea shuleni.

Hapa pana jambo ambalo wanahistoria wa fasihi hulipita haraka. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, lakini sekondari ziliendelea kutumia Kiingereza. Kijana wa miaka 14 au 15 aliyeingia kidato cha kwanza alikutana na Baiolojia, Historia na Hisabati katika lugha ambayo bado ilimtatiza. Kiswahili kilibaki na vipindi vyake vichache katika ratiba. Kwa hiyo saa za jioni, yaani saa za ngonjera, midahalo, kwaya na maigizo, zilikuwa nafasi adimu ya kijana huyo kufikiri mambo mazito hadharani kwa lugha aliyoimudu.

Alifaidika nini? Kwanza, alijifunza arudhi kwa sikio. Mwalimu aweza kuandika ubaoni kwamba neno “mtu” lina mizani mbili na “mtoto” tatu, na mwanafunzi akasahau kesho yake. Lakini kundi linapoghani pamoja mshororo wa mizani kumi na sita, nane kwa nane, anayemeza silabi huachwa nyuma na wenzake, naye hujirekebisha bila kukaripiwa. Pili, alijifunza kupumua, kusimama na kuikabili hadhira. Tatu, na hili naliona kubwa kuliko yote, alilazimika kuusema upande asioukubali. Kijana aliyepewa nafsi ya mvivu au mlanguzi ilimbidi atafute hoja za mtu huyo na kuzitetea kwa vina kamili. Kwa umri ambao kila mmoja hujiona mwenye haki peke yake, zoezi hilo lina thamani kubwa.

Hata hivyo, haki itendeke. Ngonjera nyingi za shule zilidhoofika kwa sababu mshindi alijulikana kabla ubeti wa kwanza haujaghaniwa. Mpinzani alipewa hoja hafifu ili ashindwe upesi, nao utungo ukageuka risala ya kumsifu mgeni rasmi. Katika miaka hiyo hiyo mabishano makali yalizuka juu ya vina na mizani, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974. Wapo waliozidharau ngonjera kama mashairi ya kukariri. Lawama hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake, ila iliwahusu watungaji kuliko utungo wenyewe. Ngonjera inadai pande mbili zenye nguvu. Ukiupokonya upande mmoja hoja zake, umeiua.

Leo, katika shule nyingi, saa zile za jioni zimemezwa na masomo ya ziada. Siwalaumu wazazi, mtihani wa taifa hauna huruma. Lakini nikiwa mtu niliyefundisha sekondari kwa miaka mingi, nathubutu kusema kwamba kijana anayepata alama nzuri katika swali la ushairi bila kuwahi kughani ubeti mbele ya wenzake amepewa nusu ya somo.

Wapenzi wa lugha, jambo hili halihitaji bajeti. Yatosha jioni moja kwa wiki, mwalimu mmoja mwenye moyo na mada inayowagawa vijana kweli: simu shuleni, adhabu ya viboko, au lugha ya kufundishia yenyewe. Watunge wenyewe, na mwalimu asiwaambie mapema nani atashinda.