Kipunji: Hesabu ya kima watatu

KIMA aitwaye kipunji, aliyetangazwa kwa wanasayansi mwaka 2005, huishi Tanzania pekee: katika misitu ya Rungwe na Kitulo, upande wa Mbeya, na msitu wa Ndundulu katika milima ya Udzungwa, mkoani Iringa. Sensa iliyochapishwa mwaka 2008 ilikadiria kipunji 1,117. Kati yao 1,042 upande wa Mbeya na 75 tu Ndundulu.

Ongezeko lao hupimwa kwa aljebra ya sekondari. Idadi ya sasa ikiwa I, na kiwango cha vizazi kutoa vifo kwa mwaka kikiwa k, idadi ya mwaka unaofuata ni I(1 + k). Tuchukulie, kwa mfano tu, kuwa k ni 0.04. Upande wa Mbeya 1,042 watafikia 1,084, na Ndundulu 75 watafikia 78.

Sasa wawindaji wakiua watatu zaidi katika kila upande, Mbeya itabakiwa na ongezeko la 39. Ndundulu litakuwa sifuri. Wala hakuna wageni wa kuziba pengo hilo, kwani makundi hayo mawili yametengana kwa kilometa 350 hivi.