Tanuri, katekisimu na penseli ya HB: mitihani ilivyopita Ufipa

Kimya kilikuwa kirefu, ila anayeijua ratiba ya testi hatanilaumu. Huku kila korido ni watu na desa mkononi, boom limekata, na neno "sapu" halitajwi kwa sauti.

Juzi kwenye semina ulizuka ubishi mkali. Kundi moja linasema mtihani wa kuchagua A, B, C, D ni bahati nasibu tu. La pili linajibu kwamba insha ni mashindano ya Kiingereza na mwandiko. Mimi mtoto wa Sumbawanga nikaona hili swali lina historia ndefu kuliko ubishi wetu, na sehemu yake kubwa inaweza kusimuliwa kutoka kwetu Ufipa bila kwenda mbali. (Wale wa utani wa radi, tulieni. Leo hakuna radi.)

Nianze na tanuri. Ukitembea vijijini Nkansi na Sumbawanga bado utayakuta mabaki ya malungu, yale matanuri ya udongo ya kuyeyushia chuma. Ni marefu, mengine yanafika kama mita tatu, na chini yana matundu ya kuingizia hewa. Tanuri kubwa halikuwa na mivukuto, upepo uliingia wenyewe. Moto ukiisha kazi, kilichotoka bado kilikuwa na taka nyingi, kwa hiyo kilipelekwa kwenye tanuri dogo lenye mivukuto, kintengwe, kisafishwe ndipo kifuliwe jembe. Kazi yote iliandamana na dawa na miiko, na mambo mengi hayakusemwa hovyo mbele ya wasiohusika.

Sasa jiulize, kijana aliyejifunza kazi ile alipimwaje? Hakuna aliyempa karatasi aandike maana ya chuma. Alipimwa na jembe. Kama udongo haukuwa sawa, tanuri lilipasuka, na kama mkaa haukutosha, yalitoka mawe tu. Huwezi kukariri ukapasi mtihani wa namna hiyo.

Lakini tusiusifie kupita kiasi. Tanuri lilipima kikundi kizima kwa mpigo mmoja. Jembe likitoka zuri, hujui nani alijua kujenga na nani alikuwa anabeba mkaa tu. Waliofanya asaimenti ya kikundi hapa chuoni wananielewa: majina manane juu ya karatasi, na aliyeandika ni mmoja, tena usiku wa manane. Majembe ya dukani yalipojaa wakati wa ukoloni kazi ile ikafifia, na mtihani wake ukafa nayo.

Mtihani wa pili uliingia na wamisionari. Mwaka 1885 White Fathers walipokea kituo cha Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, na kutoka kule ziwani kazi yao ikapanda hadi Ufipa. Utaratibu wao, uliowekwa na Kardinali Lavigerie, ulimtaka mtu mzima asubiri miaka minne kabla ya ubatizo. Katekisimu ilikuwa maswali na majibu: mwalimu anauliza, mwanafunzi anajibu kwa mdomo, neno kwa neno. Huo ulikuwa mtihani wa kumbukumbu, na kwa watu ambao wengi wao hawakuwa wanasoma bado, ulikuwa na mantiki yake. Ila tusisahau upande wa pili. Ile miaka minne mtu alikuwa anatazamwa pia mwenendo wake: anaishi vipi, ameacha nini. Kwa hiyo kulikuwa na mitihani miwili ndani ya mmoja, wa mdomo kupima maneno na wa muda mrefu kupima maisha.

Wa tatu ni karatasi ya mkoloni, na hapa ndipo mambo yalipobadilika kabisa. Nafasi za shule zilikuwa chache, kwa hiyo mtihani ukawa chujio. Kazi yake haikuwa kujua mtoto amejifunza nini, ilikuwa kujua nani abaki nje. Waliobahatika kufika juu sekondari walifanya mtihani wa Cambridge, na karatasi zao zikasafiri hadi Uingereza kusahihishwa na mtu ambaye Sumbawanga hajawahi kuisikia.

Mwalimu Nyerere, ambaye naye alifundisha historia pale Pugu, aliliona tatizo hili. Katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alisema mitihani ile inapima uwezo wa kukumbuka mambo na kuyatoa kwa muda uliopangwa. Haipimi kufikiri wala moyo wa kutumikia wenzako. Akaweka mpangilio ambao kwangu ndio kiini cha ubishi wetu wote: kwanza amua unataka kutoa elimu gani, halafu uliza kama mtihani unafaa kuifunga hatua ile, na kama unafaa utunge ufanane na elimu uliyoitoa. Sisi tumezoea kinyume chake. Tunaangalia past paper kwanza, halafu tunafundisha kuelekea kule.

Nchi ilijaribu kutekeleza. Mwaka 1971 tukajitoa kwenye baraza la mitihani la Afrika Mashariki, na 1973 Baraza la Mitihani la Taifa likaundwa kwa sheria. Novemba 1974, mwaka uleule uliozaliwa mkoa wetu wa Rukwa, likaja Azimio la Musoma, likasema mtihani mmoja wa mwisho usiwe hakimu peke yake. Kuanzia 1976 kazi za darasani, miradi na mwenendo vikabeba nusu ya alama za sekondari. Wazo zuri mno! Lakini jaribu kuwa mwalimu wa enzi zile. Alama ya "tabia" unaitoa kwa kipimo gani? Mkarimu atagawa, mkali atabana, na mwanafunzi wa Kantalamba hawezi kulinganishwa na wa Dar. Alama za maendeleo zipo hadi leo, ila uzito wake ulishapunguzwa.

Halafu ikaja penseli ya HB. Mwaka 2012 watoto wa darasa la saba, karibu laki tisa nchi nzima, walijibu kwa kusiliba vitufe vinavyosomwa na mashine. Masomo yote yalikuwa ya kuchagua, hata Hisabati. Faida yake ni wazi: kasi, na mashine haimjui mtoto wa nani ni nani. Hasara yake ni hesabu ndogo tu. Maswali 50 yenye chaguo tano kila moja, anayebahatisha tu mwanzo mwisho anategemea kupata kama 10. Na aliyekosea kidogo kwenye hatua ya mwisho anaonekana sawa na asiyejua kabisa. Baadaye Hisabati ikarudishiwa maswali machache ya kuonesha njia.

Kwa hiyo, kuchagua au insha? Mimi nasema swali limekaa vibaya. Kila mtihani niliowataja ulipima kitu fulani vizuri na kingine vibaya. Balaa linaanza pale chujio linapopewa kazi ya kupima uelewa, au kumbukumbu inapoitwa akili.

Chukua mada moja tu, hayo malungu yetu, uwape kidato cha tatu Sumbawanga. Swali la kuchagua linaweza kuuliza ni jamii ipi iliyeyusha chuma. Sawa, litaonesha haraka nani amesoma na nani hajasoma, tena kwa mada nyingi kwa wakati mmoja. Kupanga matukio kwa mfuatano kutaonesha kama anajua kipi kilitangulia, tanuri kubwa au kintengwe. Kuchora ramani kutaonesha kama Ufipa kwake ni mahali au ni neno tu. Lakini ukitaka kujua kama anaelewa kwa nini kazi ile ilikufa, hakuna herufi itakayokusaidia. Hapo lazima aandike sababu na azipime: bei ya jembe la dukani, sheria za mkoloni, vijana kuondoka kwenda vibaruani. Na ukitaka kujua kama anaweza kufanya kazi ya mwanahistoria, mtume kwa wazee kijijini, arudi na masimulizi, umuulize ameamini lipi na kwa nini.

Najua mtasema, darasa lina watoto 80, insha utasahihisha lini? Hoja ni ya kweli. Dakika kumi kwa kila insha ni dakika 800, zaidi ya saa 13 kwa testi moja. Ndiyo maana walimu wengi wanakimbilia A, B, C, D, na siwalaumu. Ila kuna njia ya kati: aya moja badala ya kurasa tatu, swali moja zito badala ya matano, au darasa lisahihishe pamoja kwa mwongozo ulioandikwa ubaoni.

Lipo na la lugha, ambalo huwa tunalipita kimyakimya. Mtoto wa kwetu anaongea Kifipa nyumbani, anafanya darasa la saba kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza anaulizwa kwa Kiingereza. Ukimpa insha akapata sifuri, umepima historia au umepima Kiingereza? Mtoto huyohuyo mwambie asimulie kwa mdomo jinsi babu yake alivyomweleza kuhusu malungu, utashangaa. Hapa ule mtihani wa mdomo wa katekisimu unaweza kutufundisha kitu, tukiuondolea tu lile neno kwa neno.

Mwezi wa saba naenda mazoezi ya kufundisha, na nimeomba nipangiwe mkoani kwetu. Nitatunga testi yenye vipande vitatu: kumi za kuchagua, ramani moja, na aya moja ya "kwa nini". Pembeni nitaweka alama chache za masimulizi ya wazee. Kabla sijaandika swali lolote nitaandika kwanza ninachotaka wajue, kama Mwalimu alivyoelekeza.

Nyie wa Elimu na wa fani nyingine, mngetunga vipi? Na kuna mtihani gani mliwahi kufanya mkasema huu kweli umenipima? Tiririkeni hapo chini. Mie narudi kwenye desa, kesho kuna testi, na nasikia ni insha tupu.